Kibali cha Bembea

Fomu ina kisanduku cha tarehe.
Niliichapa mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini,
ghorofa ya pili, ofisi ya wilaya, Wete,
na kila mwaka Bwana Pandu Shaame,
mwenye bembea nne na farasi wa mbao wasio na mikia,
akifika hapo kalamu humganda.

"Skukuu lini?" Ndiyo kazi yangu kuuliza.
"Mwezi ukiandama."
"Kisanduku hakitaki mwezi, kinataka namba."
Akacheka, cheko la mtu anayehitaji muhuri.
Nikaandika kwa penseli.

Masharti nayajua kama nijuavyo Alhamdu:
ngoma isipigwe karibu na msikiti;
muziki uwe wa adabu
(adabu yenyewe haikufafanuliwa);
watoto wa chini ya miaka kumi na miwili
wawe wametoka kiwanjani
saa kumi na mbili na nusu, bila kukosa;
mwombaji azoe taka zake.

Usiku wa ishirini na tisa, Limbani,
mama alipanda juu ya tangi la maji, na goti lake lile.
"Ule pale! Mwembamba, kama ukucha wa mtoto wa arubaini."
Majirani watatu waliuona.
Wa nne aliuona kwa kuwa watatu wameuona.
Redio ikapiga kasida, ikapiga tena ileile,
kisha mtu mwenye sauti nzuri akasema
haukuthibiti, tufunge na kesho.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.
"Macho yangu hayakuombewa kibali," akasema,
akaenda kuroweka mchele.

Asubuhi kaka yangu Asaa aliswali Idi
nyuma ya Bopwe, pamoja na wenziwe.
Sheha alikuja na daftari. Hakumgusa mtu.
Alisimama mlangoni, akahesabu viatu,
akagawa kwa mbili,
akaondoka na funga yake, pilau likimfuata njia nzima.

Mimi nilifunga.
Mla mshahara wa serikali hufunga na serikali.
Mama hakunilaumu; aliniletea sahani imefunikwa kawa:
"Kaiweke. Mwezi wako ukiandama, utakula."

Ikaja siku ya pili, yenye muhuri.
Mwanakheri, binti wa Asaa, miaka tisa,
alivaa tena gauni la jana,
kifuani doa la bungo.
"Shangazi, jana ulikuwa hujafika kwenye skukuu.
Leo nikikupa mkono, utanipa?"
Nikampa. Nikampa na ya jana.

Kiwanjani: mabaluni, miwani ya plastiki nyekundu,
ubuyu, bastola za maji, vumbi,
watoto wa Idi ya jana na watoto wa Idi ya leo
foleni moja, jasho moja,
na Bwana Pandu akipokea sarafu
bila kuuliza ni za mwezi gani.

Saa kumi na mbili na nusu kipaza sauti kikakohoa.
Askari kijana, mkono wa pili ameshika malai,
akaanza kusoma masharti,
nami nikasikia koma zangu kinywani mwake,
kila moja mahali nilipoiweka.
"Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili..."

Amri ilimkuta Mwanakheri juu kabisa,
gauni limejaa upepo, viatu mkononi.
Bwana Pandu akainua mikono yake yote miwili:
"Nimeshaacha kusukuma, afande."

Bembea ikashuka, ikapanda upande wa pili.
Askari akafungua mdomo amwite ateremke,
adhana ya Utaani ikamkata kauli.
Akashusha kipaza sauti.
Ikashuka tena, ikapanda, chini kidogo ya mwanzo.
Hakuna aliyeishika kamba, wala mimi.
Akangoja, macho yanakwenda na kurudi,
malai yakimchuruzika
mpaka kiwiko cha sare.